Picha ya vigae kwenye ukuta wa shule: ruhusa, udongo na chumvi ya Mombasa

Picha ya ukutani iliyopakwa rangi haidumu sana Mombasa. Chumvi hutoka ndani ya ukuta, rangi huvimba na kubambuka, na baada ya masika mawili matatu uso wa shujaa umebaki nusu. Vigae vya udongo uliochomwa ni kazi nyingine kabisa. Vikibandikwa sawasawa, waliovifinyanga watakuja kuwaonyesha wajukuu wao. Na hapo ndipo penye ugumu: rangi ukikosea unapaka juu yake, kigae ukikosea unaitisha patasi. Maamuzi makubwa yote, kuanzia nani aulizwe hadi mchanga gani uchanganywe, hufanywa kabla mtoto hajagusa udongo.

Tunawaandikia walimu, wazazi na mafundi wanaotaka wanafunzi wa gredi ya 5 hadi ya 9 watengeneze picha ya vigae kuhusu urithi wa wenyeji wa Pwani: Wamijikenda, Waswahili wa Thenashara Taifa, Waata na wengine. Mfano wetu ni ukuta wa mita 3 kwa 2, yaani mita 6 za mraba. Darasa la watoto 40 hulimudu eneo hilo kwa muhula mmoja na nusu. Ukubwa zaidi ya huo walimu huchoka kabla ya watoto.

Kupamba ukuta kwa vyombo vya udongo si jambo geni kwetu. Kaburi la mnara la Mambrui na magofu ya Gedi yanaonyesha jinsi waashi wa zamani walivyozamisha mabakuli ya Kichina kwenye plasta ya chokaa, midomo ikitazama nje. Mengi ya mabakuli ya aina hiyo katika Pwani hayapo tena. Kilichobaki ni matundu ya mviringo mahali yalipong'olewa. Fundi wa leo ajifunze hapo: kinachoshikika kwa vidole, siku moja kitang'olewa. Usiache kipande kimejitokeza ukingoni.

Wa kuulizwa kwanza

Kosa la kawaida ni kwenda kwa wazee na mchoro uliokwisha kamilika, ukitafuta baraka tu. Wazee wataitikia kwa adabu, kisha mtoto wa jirani atauliza mbona hiki kimewekwa hapa. Nenda na karatasi tupu. Mpitie mtu anayejulikana nao, mueleze ukuta uko wapi, nani atapita mbele yake, na picha itakaa miaka mingapi. Uliza maswali matatu: nini kionyeshwe, nini kisionyeshwe kamwe, na kipi kinaweza kuonyeshwa kwa sharti. Majibu ya swali la pili ndiyo ya thamani zaidi, na ndiyo yanayokuja taratibu. Usitegemee kuyapata kwa kikao kimoja.

Mfano ulio wazi ni vigango, yale magogo ya kuchongwa yanayosimamishwa kwa kumbukumbu ya Wagiriama waliokuwa katika Gohu, chama cha wazee wenye heshima. Yana umbo zuri, yana pembetatu zilizopangwa kwa hesabu, na kila mwalimu wa sanaa huyatamani. Lakini kigango si pambo. Vigango vingi viliibwa makaburini na kuuzwa ng'ambo, vikaishia katika majumba ya makumbusho na nyumba za matajiri Marekani, na kazi ya kuvirudisha imechukua miaka mingi. Msimamo wetu ni kutokiweka ukutani isipokuwa wenyewe wamependekeza. Kukichora kando ya mnazi na dau ni kumfundisha mtoto yale yale aliyoyaamini mnunuzi wa mali ya wizi.

Misitu ya kaya, ile mitakatifu ya Wamijikenda, nayo ina mipaka yake. Baadhi iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, na Kaya Kinondo, kule Kwale, hupokea wageni, ambao hufungwa kaniki kabla ya kuingia. Kupokea wageni si ruhusa ya kuchora kila kitu kilichomo. Lango, njia na miti mikubwa kwa kawaida havina shida, ila mahali pa maombi na vilivyozikwa pasichorwe. Kama watoto watabonyeza majani kwenye udongo, yasikatwe kaya. Kukata tawi huko ni mwiko, na itakuwa kichekesho picha ya kuheshimu kaya ianze kwa kuvunja sheria yake. Mbambakofi hupatikana kwingine pia, na mibuyu iko pale Mama Ngina, ufukweni mwa Mombasa. Jani la mwarobaini liacheni. Mti huo umejaa kila mtaa, lakini asili yake ni Bara Hindi, na mzee yeyote ataliona kosa kabla hajafika karibu.

Suala la nani awe juu huzua maneno kuliko rangi. Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana, Wachonyi na Wakauma ndio Wamijikenda tisa, na ukiwapanga kwa safu kuna atakayekuwa mwisho. Wapange kwa duara. Vivyo hivyo kwa Tisa Taifa na Tatu Taifa za Mombasa, ambazo pamoja ndizo Thenashara Taifa. Duara lina faida nyingine ya kifundi: vipande vyake vinavyoelekea katikati vina umbo la kabari, na kabari ikikosewa huonekana mapema, ukiwa bado na nafasi ya kufinyanga nyingine.

Mekatilili wa Menza ataombwa na kila darasa, na inafaa. Mwaka 1913 alizunguka akiwaapisha Wagiriama wasikubali kazi na kodi za Waingereza, akacheza kifudu kuwakusanya watu, akakamatwa na kupelekwa Kisii pamoja na Wanje wa Mwadorikola. Mwaka uliofuata Waingereza waliilipua kwa baruti Kaya Fungo, kaya ya Wagiriama. Ushauri wetu ni kutoanza na uso wake. Sura ya mtu kwenye udongo huwashinda hata watu wazima, na pua ikikatika kwenye moto picha nzima inageuka kioja. Anzeni na mwili unaocheza, mikunjo ya hando (sketi ya wanawake wa Kigiriama), na ile hadithi ya kuku na vifaranga: inasimuliwa kwamba alimwambia mzungu ajaribu kuchukua kifaranga, kuku akamdonoa. Kuku wa udongo mtoto wa miaka 11 anamweza vizuri, na mpita njia aliye ng'ambo ya barabara anamtambua.

Ukuta

Kuta nyingi za shule Mombasa ni mawe ya matumbawe yaliyopigwa plasta ya saruji. Jiwe hilo hunywa maji na lina chumvi. Gonga ukuta wote kwa mpini wa nyundo. Panapolia utupu plasta imeachana na jiwe, ibomoe. Kisha bandika karatasi ya plastiki ya sentimita 50 kwa 50, uizibe kwa gundi ya utepe pande zote nne, uiache siku mbili. Ukikuta matone nyuma yake, ukuta una unyevu na hautashika kitu hadi chanzo kipatikane. Mara nyingi ni bomba la paa linalovuja au bustani iliyoegemezwa ukutani. Unga mweupe ni chumvi: upanguswe kwa brashi kavu kwanza, halafu ukuta uoshwe kwa maji baridi ya bomba, yaani yasiyo na chumvi. Ukianza na maji unairudisha ndani.

Rangi ya mafuta itolewe yote hadi plasta. Plasta mpya iwe saruji 1 kwa mchanga 4, mchanga wa mto uliooshwa na kamwe si wa ufuoni, nayo ipewe siku 28. Acha sentimita 40 za chini bila picha. Unyevu hupanda kutoka ardhini, na mipira ya watoto hugonga hapo. Ukuta unaotazama kusini na mashariki hupigwa na mvua ya kusi, basi ukiwa na hiari chagua mwingine, au ongeza kipaa kidogo juu.

Mji wa Kale ni habari nyingine. Ni eneo lililohifadhiwa, kuta zake ni za matumbawe na chokaa, na kubandika vigae kwa saruji juu ya chokaa huifungia maji ndani mpaka ukuta wenyewe ubomoke. Huko tengeneza picha kwenye mbao za saruji za sentimita 60 kwa 60, uzitundike kwa skrubu za chuma kisichoshika kutu, baada ya kupata kibali cha wahifadhi. Skrubu za kawaida hutoa michirizi ya kutu haraka. Hata nje ya Mji wa Kale tunapenda mbao hizi kuliko ukuta mtupu, kwa sababu shule hubomoa madarasa na kujenga upya. Mita moja ya mraba ya kazi, pamoja na gundi, hufika kilo 25 hadi 30 bila ubao wenyewe. Fundi ajue uzito huo kabla ya kuchagua skrubu.

Udongo, na adui wake

Udongo wa kununua hurahisisha kazi, lakini watoto hujifunza zaidi wakichimba, na bado kuna akina mama wafinyanzi Pwani wanaojua udongo mzuri uko wapi. Waalikeni, na mwalipe kama mnavyomlipa fundi mwingine yeyote. Chimba chini ya tabaka la juu lenye mizizi. Tope la mikokoni lionekane zuri vipi, liache, limejaa chumvi.

Vipimo ni vitatu. Fanya kamba nene kama penseli uizungushe kwenye kidole: ikipasuka vibaya, udongo ni dhaifu. Kausha donge juani: ukiona ukoko mweupe pembeni, kuna chumvi. Cha tatu ndicho muhimu kwetu: dondoshea siki kali kwenye donge kavu. Likitoa mapovu lina chembe za matumbawe au kombe.

Chembe hizo ndizo huharibu kazi nyingi za Pwani, na huwa hazijulikani hadi imechelewa. Moto ukipita nyuzi 800 hivi, chembe ya kombe hugeuka chokaa hai. Kigae hutoka kwenye tanuri kizima, kinapendeza, kinapigwa picha. Halafu chokaa ile hunywa unyevu wa hewa, na hewa ya Mombasa haina upungufu wa unyevu, inavimba, na siku au wiki kadhaa baadaye inarusha kibanzi. Ukichungulia kovu utakuta kijiwe cheupe katikati. Watu husema moto ulikuwa mbaya, kumbe ni mchanga wa ufuoni uliochanganywa ili udongo usipasuke.

Kinga yake ni kuloweka udongo uwe uji mwepesi, kuuchuja kwenye chujio la matundu yasiyozidi nusu milimita, kuuacha utuame na kumwaga maji ya juu, mara 3, kwa maji baridi. Uji uliobaki umwage kwenye shuka kuukuu lililotandazwa juu ya matofali ukauke hadi ukandike. Badala ya mchanga, saga vyungu na vigae vya paa vilivyovunjika, uvichuje, uchanganye kiasi cha sehemu 1 kwa 4 za udongo. Hizo chenga hupunguza kupasuka na kupinda. Ukiwa bado na wasiwasi, tumbukiza vigae majini mara tu vinapotoka kwenye tanuri, vingali na uvuguvugu, vikae siku nzima. Chokaa hupoa kabla haijapata nafasi ya kuvimba.

Kiasi: kigae kibichi cha unene wa milimita 12 hula kilo 23 hivi kwa mita moja ya mraba. Udongo wetu hupungua karibu asilimia 10 kutoka ubichi hadi kuchomwa, kwa hiyo mita 6 za ukuta zinahitaji takribani kilo 160 za udongo, na ukihesabu vipande vya pembeni na vitakavyovunjika, tayarisha 200. Usichukue asilimia 10 kwa imani. Chora mstari wa sentimita 10 juu ya kipande kibichi, kichome, pima. Ukipata 9, mchoro mkubwa unaowekwa chini ya udongo ukuzwe kwa asilimia 11. Mchoro usiokuzwa hutoa picha inayoacha ukanda mtupu upande mmoja, na hakuna grauti (uji wa saruji unaojaza nafasi kati ya vigae) ya kuficha hilo.

Mikono ya watoto

Kata udongo kwa waya, utandaze kati ya fito mbili za milimita 12 kwa kipande cha bomba la plastiki, juu ya leso kuukuu. Geuza upande na uzungushe robo baada ya kila misukumo michache. Udongo uliosukumwa upande mmoja tu utajikunja ukikauka. Weka mchoro juu, pitisha msumari kwenye mistari, kisha kata kwa kufuata maumbo: ubawa wa kuku, tanga la mtepe, shina la mbuyu. Gridi ya miraba hukata macho na vidole katikati. Pasiwe na kipande kipana zaidi ya sentimita 15.

Nyuma ya kila kipande chonga mifereji ya kina cha milimita 2 ili gundi ishike, na uchore kwa msumari herufi, namba na mshale wa kuonyesha juu. Kalamu na rangi huungua, msumari haufutiki. Vipande vya anga na bahari ambavyo havina mshale hula asubuhi nzima siku ya kubandika.

Kilichoongezwa juu, jicho au nanasi la nakshi ya mlango, kichanjwe, kipakwe uji wa udongo, kibanwe. Sehemu inayozidi sentimita 2 kwa unene ichimbwe kutoka nyuma. Walimu huwaambia watoto kwamba kigae hulipuka kwa sababu ya hewa ndani. Kinacholipua ni maji: sehemu nene haijakauka, moto unayageuza mvuke, na mvuke unatafuta mlango.

Tuseme pia jambo ambalo wasimamizi hawalipendi. Kazi ya mtoto isirekebishwe usiku. Vitu ambavyo wazee wameweka sharti juu yake vikabidhiwe kikundi kidogo chenye subira, vipitiwe mara mbili. Vingine vyote, samaki, mbuzi, mawimbi, viache vilivyo. Mbuzi mwenye miguu mitano ni halali yake.

Kukausha huko kwetu kunahadaa. Hewa ni nzito, lakini upepo wa bahari hukausha kingo haraka, katikati kukiwa bado kubichi, na kigae kinainua pembe. Funika kwa plastiki siku 3, kisha magazeti, ukigeuza kila siku. Kwa jumla ni siku 10 hadi 14. Wakati wa masika ongeza wiki. Weka kigae shavuni: kikiwa baridi, bado kina maji.

Vumbi la udongo mkavu na unga wa rangi vina silika inayodhuru mapafu. Sakafu ipanguswe kwa kitambaa kibichi, isifagiliwe. Poda zichanganywe na mtu mzima aliyevaa barakoa, na rangi za kioo, zile zinazoyeyuka kwenye moto na kuwa ganda la kioo juu ya kigae, ziwe zisizo na madini ya risasi.

Moto

Tanuri la umeme ni bora, na mara nyingi hukodishwa. Mchomo wa kwanza uende nyuzi 60 kwa saa hadi 120, ukae hapo saa 2, kisha nyuzi 100 kwa saa hadi 600, halafu 150 hadi 1000. Karibu na 573 chembe za mchanga hubadilika ukubwa ghafla. Ukikimbia hapo, kupanda au kushuka, utasikia vigae vikilia ndani. Usifungue kabla halijashuka chini ya 100.

Kigae cha sentimita 15 hutoka na 13.5, na pamoja na nafasi ya nusu sentimita unahitaji kama 51 kwa mita ya mraba, yaani 306 kwa ukuta wetu. Rafu ya sentimita 50 hubeba 9, tanuri la rafu 8 hubeba 72. Hiyo ni michomo 5 ya kwanza na 5 ya rangi ya kioo. Umeme wa michomo 10 uwekwe kwenye bajeti mapema. Ndio unaoua miradi mingi katikati.

Uchomaji wa wazi kwa kuni, makumbi na vifuu ni mzuri kwa chungu cha mviringo, lakini kigae bapa hupata joto upande mmoja na kuvunjika. Ukilazimika, vipande viwe chini ya sentimita 10, visimamishwe kwa ubavu, na visiwekwe ukuta wa nje. Kuni za mvinje huwaka vizuri. Mikoko isiguswe.

Je, rangi ya kioo ni lazima? Nje, Mombasa, tunasema ndiyo. Kigae kisicho na ganda la kioo hunywa maji yenye chumvi, maji hukauka, chumvi huganda ndani ya vitundu na kumenya uso. Pia huota ukungu wa kijani. Vanishi haisaidii, hugeuka njano na kubabuka.

Kubandika na kutunza

Panga picha yote sakafuni kwanza, ipande mtu ngazi aitazame. Tumia gundi ya taili ya nje, takribani kilo 6 kwa mita ya mraba, yaani mifuko miwili ya kilo 20 kwa ukuta wetu wote, si saruji tupu iliyokorogwa maji. Piga ukutani kwa mwiko wa meno, na paka pia mgongo wa kigae. Anzieni chini, juu ya ubao ulionyooka, saa moja asubuhi, na turubai juu. Ukuta uliopigwa jua hukausha uso wa gundi kwa dakika chache. Kigae kitashika leo na kudondoka mwezi ujao kikiwa safi mgongoni. Usivuke ufa wa ukuta kwa kigae kizima. Saruji huunguza ngozi, basi watoto wavae glavu na waweke vigae tu, gundi ipakwe na fundi.

Grauti isubiri siku 2, iwe ya kijivu au kahawia. Nyeupe huchafuka kwa moshi wa tuktuk na hufanya picha ionekane kama wavu. Kama kuna vipande visivyo na rangi ya kioo, vipakwe nta kwanza, la sivyo grauti haitoki.

Baada ya hapo, osha kwa maji baridi kusi inapotulia. Hifadhi vigae 15 vya ziada vya rangi tofauti, pamoja na karatasi ya ramani ya namba na kipimo cha rangi, kwenye sanduku lililoandikwa, ofisini kwa mwalimu mkuu. Na siku shule inapopakwa rangi, mwambieni fundi afunike picha kwa plastiki kabla ya kufungua kopo, kwa maana matone ya rangi ya mafuta yakishaingia kwenye grauti hayatoki.